Usafiri Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Reli, Mabasi, Barabara na Maisha Bila Gari

Naishi Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio. Karibu kila wiki napigiwa simu na mtu wa nyumbani. Mmoja yuko njiani kuja, mwingine kafika juzi, mwingine hana mpango wa safari ila ameona picha ya barabara ya njia kumi na anataka kujua inakuwaje nchi yenye barabara kama hizo mtu akose namna ya kwenda dukani. Maswali yanafanana, nikaona niyajibu mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananiuma, mengine kwa mistari michache.

Ni kweli huwezi kuishi Marekani bila gari?

Inategemea umefikia mji gani. New York unaweza kuzeeka bila kushika usukani: treni za chini ya ardhi zilizoanza 1904 zina vituo 472, na hazilali usiku wala mchana. Chicago, Boston, Washington, Philadelphia na San Francisco nako mtu anajimudu. Ukitoka hapo, mambo ni mengine.

Nilipofika Columbus nilipata kazi kwenye ghala nje ya mji. Zamu ilikuwa ikiisha saa nane usiku, na basi la mwisho lilikuwa limeshapita zamani. Kituo chenyewe ni mlingoti wenye kibao, umechomekwa kwenye majani kando ya barabara ya njia sita. Hakuna benchi, hakuna paa, hakuna hata njia ya miguu ya kukufikisha hapo. Januari theluji inayosukumwa na magari ya kusafisha barabara huja kurundikana palepale unaposimama. Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Bukavu, sote tukimwita Papa, aliyekuwa na gari kuukuu la viti vitano. Tulikuwa abiria wanne, kila mmoja akitoa dola tano kwa siku za mafuta. Aliyepoteza kiti chake kwenye gari la Papa alikuwa amepoteza na kazi.

Takriban kaya 8 katika kila 100 nchini humu hazina gari. Kwa Wamarekani weusi kiwango hicho ni zaidi ya mara mbili ya kile cha Wazungu. Sababu yake utaiona huko chini.

Kabla ya magari watu walisafirije?

Kwa maji, kuliko kitu kingine chochote. Barabara zilikuwa tope tupu mvua ikinyesha. Mwaka 1807 Robert Fulton aliipandisha meli yake ya mvuke mto Hudson, kutoka New York hadi Albany, kwa saa 32. Kisha ukaja mfereji wa Erie, kilomita 584 kutoka Albany hadi Buffalo kwenye ziwa Erie, uliochimbwa kwa majembe na baruti na kufunguliwa 1825. Boti zilivutwa kwa kamba na farasi na nyumbu waliotembea ukingoni mwa maji. Tani moja ya mzigo kutoka Buffalo hadi New York ilikuwa ikigharimu karibu dola 100 kuisafirisha. Baada ya mfereji gharama ikashuka chini ya dola 10. Ngano ya bara ikateremka pwani, na bandari ya New York ikaziacha nyuma Boston na Philadelphia.

Pwani yetu ilihusika wakati huo?

Ilihusika sana. Merikebu za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja kupakia pembe za ndovu, ngozi na gundi ya sandarusi, na kushusha kile kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Pembe nyingi ziliishia viwandani Connecticut, zikachongwa vitufe vya piano. Na haikuwa wao kuja tu. Mwaka 1840 merikebu *Sultana* ya Sayyid Said ilivuka bahari kutoka Unguja ikaingia bandari ya New York, mjumbe wake akiwa Ahmad bin Naaman.

Reli ya kuvuka bara ilijengwa na nani?

Rais Lincoln alitia saini sheria yake 1862. Kampuni ya Central Pacific ilianza Sacramento ikielekea mashariki, Union Pacific ikaanza upande wa Nebraska ikielekea magharibi, zikakutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Safari ya miezi ikawa ya takriban wiki moja.

Upande wa magharibi sehemu kubwa kabisa ya vibarua ilikuwa Wachina, zaidi ya 10,000. Wao ndio waliotoboa milima ya Sierra Nevada kwa patasi, nyundo na baruti. Mwamba ulikuwa mgumu kiasi kwamba kuna siku walisonga mbele kwa kipimo cha kiganja tu. Maporomoko ya theluji yaliwafukia wengine. Wazungu walipewa chakula na malazi juu ya mshahara, Wachina walijinunulia wenyewe. Juni 1867 maelfu yao waliweka chini vifaa wakidai malipo sawa na saa chache za kazi. Charles Crocker, msimamizi wa ujenzi, akakata chakula kisifike makambini, na baada ya kama wiki moja njaa ikawarudisha kazini. Itazame picha maarufu ya siku ya kukutanisha reli, uwatafute Wachina, utachoka macho. Mwaka 1882 Kongresi ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini.

Ardhi nayo ilikuwa na wenyewe. Serikali iliyapa makampuni vipande vikubwa kandokando ya njia, na treni zikaleta wawindaji walioua nyati kwa mamilioni, nyati ambao wenyeji wa asili kama Walakota na Wacheyenne waliwategemea kuishi. Anayeijua habari ya Wahindi waliojenga reli ya Mombasa kwenda Kisumu, na ya wenyeji ilikopita, hahitaji kuelezwa zaidi.

Nimesikia saa za Marekani zililetwa na treni. Ni kweli?

Kweli. Zamani kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, jua likisimama utosini. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunalielewa jambo hilo vizuri. Lakini ratiba ya treni haiwezi kufuata majua hamsini, na treni mbili kwenye reli moja zenye saa tofauti ni ajali. Tarehe 18 Novemba 1883 makampuni ya reli yaliigawa nchi katika kanda nne za saa. Bunge lilikuja kulifanya hilo kuwa sheria 1918, miaka 35 baadaye.

Kama walikuwa na reli nyingi hivyo, treni za abiria zimeenda wapi?

Mwaka 1916 nchi hii ilikuwa na reli zenye urefu wa zaidi ya kilomita 400,000. Reli za mizigo bado zipo na zina nguvu sana. Treni ya makaa au makontena inaweza kukusimamisha kwenye makutano ukamaliza chai yako. Ni abiria waliotupwa. Barabara na viwanja vya ndege vilijengwa kwa fedha za umma, huku kampuni za reli zikilipia njia zao wenyewe na kutozwa kodi juu yake. Mwaka 1967 posta iliondoa sehemu kubwa ya barua kwenye treni, na lile pato lililokuwa likizishikilia treni nyingi likakatika. Tarehe 1 Mei 1971 shirika la Amtrak lilianza kazi kwa niaba ya serikali, likirithi njia ambazo kampuni zilikuwa zikizikimbia.

Nje ya ukanda wa kati ya Washington na Boston, Amtrak hupita zaidi kwenye reli za kampuni za mizigo. Sheria inasema treni ya abiria ipewe kipaumbele. Abiria wanaokaa dirishani wakitazama mabehewa mia yakipita taratibu wanajua sheria hiyo inavyofuatwa.

Columbus, mji mkuu wa jimbo, wenye watu zaidi ya laki tisa, haujaona treni ya abiria tangu 1979. Stesheni ilibomolewa. Tao moja lililosalia limesimama leo kwenye bustani, na watu hupigia hapo picha za harusi.

Na treni ya kasi? Acela, treni ya Amtrak, ilianza 2000, inakimbia vizuri pale reli inaporuhusu. Wapiga kura wa California waliidhinisha karibu dola bilioni 10 mwaka 2008 kwa treni ya kasi kati ya Los Angeles na San Francisco, na ujenzi bado unaendelea kwenye bonde la katikati.

Ni kweli makampuni ya magari yaliziua tramu?

Nusu ya habari hiyo ni kweli. Tramu za umeme, yaani mabehewa ya abiria yanayopita kwenye reli za mitaani, zilifanikiwa kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa Richmond, Virginia, 1888, na baada ya hapo kila mji wa maana ulikuwa nazo. Baadaye kampuni moja iitwayo National City Lines, iliyopata fedha kutoka General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wengine, ilinunua mifumo ya tramu ya miji mingi ikaweka mabasi. Mwaka 1949 mahakama iliwatia hatiani kwa kula njama ya kuhodhi biashara ya kuziuzia kampuni za usafiri za miji hiyo mabasi, mafuta na matairi. Faini ya kila kampuni: dola 5,000.

Lakini tramu zilikuwa zimeshadhoofika. Miji mingi iliziwekea nauli ya senti tano isiyopanda ingawa gharama zilipanda, na magari yalijaa kwenye reli zao mpaka zikawa hazitembei.

Gari liliingiaje kila nyumba?

Kwa bei. Henry Ford alitoa Model T mwaka 1908 kwa kama dola 850. Mwaka 1913 akaweka mstari wa kuunganishia magari kule Highland Park, Michigan, na muda wa kuunganisha chasisi ukashuka kutoka saa 12 na zaidi hadi dakika 93. Kufikia 1925 gari hilo lilipatikana kwa dola 260, na uzalishaji ulipokoma 1927 yalikuwa yametoka milioni 15.

Wengi hawajui kwamba mwaka 1900 zaidi ya robo ya magari yaliyotengenezwa Marekani yalikuwa ya umeme. Gari la petroli lilihitaji kuzungushwa kwa mkono wa chuma mbele, na mkono huo ulivunja watu mifupa. Mwaka 1912 ilikuja starta ya umeme, na gari la umeme likapotea kwa karibu karne nzima.

Kwa nini duka liko mbali hivyo na nyumba?

Kwa sababu mara nyingi sheria inakataza liwe karibu. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kijiji cha Euclid, hapahapa Ohio, ikakubali kwamba serikali ya mtaa inaweza kutenga eneo la nyumba, eneo la maduka na eneo la viwanda. Baada ya vita vya pili vya dunia vitongoji vikaenea kwa mfumo huo, vikijengwa kwa mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali. Levittown, New York, kilichoanza 1947, kilikuwa na masharti yaliyowafungia nje watu weusi. Juu ya hayo miji ikailazimisha kila biashara iwe na nafasi kadhaa za kuegesha, ndiyo maana unakuta kibanda cha kahawa kimezungukwa na lami inayotosha soko la Kariakoo. Buffalo iliufuta ulazima huo 2017, na miji mingine ikafuata.

Mbona kuvuka barabara popote huitwa kosa?

Miaka ya 1920 magari yaliua watoto wengi mitaani, na watu walikasirika. Mwaka 1923 wakazi wa Cincinnati walikusanya saini zaidi ya 42,000 wakitaka magari yafungwe kidhibiti mwendo yasizidi maili 25 kwa saa. Wafanyabiashara wa magari wakapiga kampeni kali, na hoja ikashindwa kwenye kura. Kuanzia hapo lawama ikahamishiwa kwa mtembea kwa miguu. Wakamwita kwa neno lenye maana ya mshamba, mtu asiyejua kutembea mjini, na Los Angeles ikapitisha kanuni zake 1925. California imelegeza sheria hiyo tangu 2023. Mwaka 2022 zaidi ya watembea kwa miguu 7,500 waliuawa barabarani nchi nzima.

Habari ya Rosa Parks ilikuwa kiti tu?

Hapana, na inaniuma inaposimuliwa kama habari ya mama aliyechoka miguu. Rosa Parks alikuwa mshonaji na katibu wa tawi la Montgomery, Alabama, la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Alijua sheria na alijua gharama.

Mambo hayo yalianza karne nzima nyuma. Mwaka 1854 mwalimu Elizabeth Jennings alishushwa kwa nguvu kwenye gari la abiria la kukokotwa na farasi huko New York, akashtaki akashinda. Wakili wake, Chester Arthur, baadaye alikuwa rais. Mwaka 1892 Homer Plessy alikaa behewa la Wazungu New Orleans, na 1896 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwatenga watu ni halali. Uamuzi huo uliitawala nchi kwa zaidi ya nusu karne.

Montgomery mtu mweusi alipanda mlango wa mbele akalipa nauli, akateremka, akazunguka kuingilia mlango wa nyuma. Wakati mwingine dereva aliondoka kabla hajafika. Machi 1955 msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikataa kusimama akakamatwa. Tarehe 1 Desemba akakamatwa Rosa Parks. Usiku ule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alikesha akichapa maelfu ya vikaratasi vya kuitisha mgomo.

Mgomo ulidumu siku 381, na kilichoubeba ni usafiri. Kwanza madereva teksi weusi walipakia watu kwa senti 10, nauli ileile ya basi. Jiji likawabana kwa kanuni ya nauli ya chini ya teksi, senti 45. Ndipo watu wakaanza kupakiana: magari kama 300, vituo vya kuchukulia na kushushia, makanisa yakinunua magari ya kubebea abiria, wapishi na wafuaji wakipangwa kwa zamu. Bima zilipofutwa, wakapata nyingine London. Wasiopata nafasi walitembea. Mahakama ilipowapa haki, walirudi kwenye mabasi tarehe 21 Desemba 1956 na kukaa walipotaka.

Nikikumbuka gari la Papa wa Bukavu, naona tulichokuwa tukifanya saa nane usiku kilikuwa na wazee wake.

Safari haikuishia hapo. Mei 1961 vijana weusi kwa weupe walipanda mabasi ya masafa kutoka Washington kwenda kusini kupima kama sheria inafuatwa. Basi moja lilichomwa moto Anniston, Alabama, abiria wakiwa ndani, waliponea chupuchupu.

Kwa nini barabara kuu zimepita katikati ya mitaa ya watu weusi?

Rudi kwenye mwaka 1956. Mgomo wa Montgomery ulikuwa bado unaendelea, tarehe 29 Juni, Rais Eisenhower alipotia saini sheria ya barabara za Interstate, yaani barabara kuu za kuunganisha majimbo: maili 41,000, serikali kuu ikilipa asilimia 90 ya gharama. Eisenhower alikuwa na sababu zake. Mwaka 1919, akiwa ofisa kijana, alisafiri na msafara wa jeshi kutoka Washington hadi San Francisco, wakatumia siku 62, madaraja yakivunjika chini ya malori. Lakini tazama mpangilio wa mambo. Mwaka uleule watu weusi wanapata haki ya kukaa mbele kwenye basi, fedha za nchi zinaelekezwa kwenye barabara za wenye magari, na basi linaanza kufa.

Kisha wahandisi wakatafuta pa kupitishia mjini. Ardhi ya bei nafuu na watu wasio na sauti serikalini vilikuwa mahali pamoja. Detroit walifukia mtaa wa Hastings, uliokuwa na maduka na kumbi za muziki za watu weusi. St. Paul waliukata mtaa wa Rondo vipande viwili. Miami zamu ilikuwa ya mtaa wa Overtown. Montgomery kwenyewe mkurugenzi wa barabara wa jimbo alikuwa Sam Engelhardt, kiongozi wa jumuiya ya Wazungu iliyotetea ubaguzi, na barabara kuu ya I-85 ikapitishwa kwenye mitaa ya watu weusi walikoishi viongozi wa ule mgomo. Nchi nzima zaidi ya watu milioni moja walihamishwa.

New Orleans ndipo pa kutazamia jambo hili kwa karibu. Mtaa wa Claiborne, kwenye kitongoji cha Tremé, ulikuwa na safu za mialoni mikubwa katikati, na chini ya kivuli chake familia nyeusi zilikusanyika sikukuu ya Mardi Gras, kwa sababu kwingine hazikuruhusiwa. Mwaka 1966 miti ile ilikatwa, ikajengwa I-10 juu ya nguzo za zege. Wakati uohuo kulikuwa na mpango wa barabara nyingine kupita ukingo wa mto, mbele ya mtaa wa kihistoria wa Wafaransa. Wenye nyumba wa huko walikuwa na fedha na mawakili, na 1969 mpango ukafutwa. Leo ukienda Claiborne utakuta watu wamekusanyika chini ya barabara siku ya sikukuu, magari yakinguruma juu ya vichwa vyao. Baadhi ya nguzo zimechorwa mialoni.

Kuna kurekebisha kidogo. San Francisco iliiondoa barabara ya ghorofa ya Embarcadero baada ya tetemeko la 1989, na Syracuse, New York, inaishusha I-81 iliyopasua mtaa wa watu weusi. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni moja kwa kazi ya namna hiyo. Nyumba za Hastings hazirudi.

Watu wenye ulemavu wanasafirije?

Leo basi la mji lina ubao wa mteremko unaoshushwa na nafasi ya kiti cha magurudumu, na ni lazima kisheria tangu 1990. Halikutolewa bure. Julai 1978 watu 19 wenye ulemavu waliyazuia mabasi mawili katikati ya Denver. Baadhi walishuka kwenye viti vyao wakalala barabarani mbele ya magurudumu, wakakesha hapo. Mabasi hayakuwa na namna ya kuwapandisha. Mama mwenye mtoto kwenye kigari na mzee wa magoti mabovu wanaupanda ubao huo kila siku.

Mbona basi la shule ni la njano kila mahali?

Mwaka 1939 Frank Cyr aliitisha mkutano Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na wajumbe wakachagua rangi inayoonekana vizuri alfajiri na machweo. Likisimama na kuwasha taa nyekundu, magari yasimame, mara nyingi hata yanayotoka mbele. Faini ni kali, na iwe hivyo.

Na ndege?

Ndugu wawili Wright walikuwa watu wa Dayton, Ohio. Ndege yao ya kwanza, 17 Desemba 1903, ilikaa angani sekunde 12. Mwaka 1978 serikali iliacha kupanga nauli na njia. Tiketi zikashuka bei, na miji midogo mingi ikapoteza ndege zake. Ule ukaguzi wa kuvua viatu ulikuja baada ya Septemba 11, 2001, ukaondolewa Julai 2025.

Ndugu zangu wengi wanaendesha malori. Ni kazi nzuri?

Inalipa, na wengi wa Kenya, Tanzania na Kongo wamesomesha watoto kwa usukani wa lori. Nayo mizizi yake ina 1956: Aprili mwaka huo Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli *Ideal X* kutoka Newark hadi Houston. Makuli wa bandari wakapungua, madereva wakaongezeka. Sheria inakuruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya saa 14 baada ya kupumzika saa 10, na mashine ndani ya lori inarekodi kila dakika. Ugumu ni upweke, mgongo na kukosa pa kuegesha usiku. Muulize anayefanya kazi hiyo, akiwa nyumbani, mbele ya mkewe.

Changamoto kubwa kabisa leo ni ipi?

Vifo. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023 barabara zilichukua roho zaidi ya 40,000. Halafu uchakavu. Agosti 2007 daraja la I-35W lilianguka mtoni Minneapolis jioni watu wakirudi kazini, wakafa 13. Machi 2024 meli iliyopoteza umeme iligonga daraja la Francis Scott Key kule Baltimore. Waliokufa walikuwa wafanyakazi sita, wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, waliokuwa juu yake usiku wakiziba mashimo ya lami. Kodi ya mafuta ya serikali kuu iliyokusudiwa kulipia barabara imebaki senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, wakati kila kitu kimepanda. New York imejaribu njia nyingine: tangu Januari 2025 gari la kawaida linaloingia katikati ya Manhattan mchana hulipa dola 9, na fedha zinakwenda kwenye treni na mabasi.

Nikifika, nianzie wapi?

Kabla hujasaini mkataba wa nyumba, fungua ramani kwenye simu, weka saa ambayo zamu yako inaisha, si saa sita mchana, uone basi lipo au halipo. Jumapili angalia tena, maana ratiba hupungua. Anza kusoma kitabu cha sheria za barabarani wiki ya kwanza. Usinunue gari kwa mtu anayekuharakisha, na usiliwashe bila bima hata kwa kwenda kona ya mtaa. Msikitini au kanisani uliza nani anaelekea upande wa kazini kwako, uchangie mafuta bila kukumbushwa.

Papa amestaafu, magoti yamemshinda. Siku hizi mimi ndiye ninayetoka ghalani saa nane usiku nikiwa na abiria. Nina viti vinne, vitatu vimeshajaa.